Kitabu cha saa ya sita angani: namna ya kuchagua cha kusoma kwenye safari ndefu ya ndege

Kitabu cha safari wengi wetu hukichagua tukiwa na kichwa kisicho cha safari. Umesimama dukani mchana, usingizi umekutosha, chai imeshuka, na kila jalada linaonekana kukufaa. Atakayekisoma ni mtu mwingine: yuko saa ya sita angani, taa za ndani zimezimwa, macho yamekauka, jirani wa dirishani ameshaomba kupishwa mara mbili, na mtoto wa safu ya nyuma amegundua kuwa kiti kinatikisika akikipiga teke. Mchagulie huyo. Kitabu kikiweza kumshika yeye, saa nyingine zote zitajipita zenyewe.

Hesabu kwanza

Kabla ya kutazama kitabu chochote, jua una muda gani hasa wa kusoma. Nairobi hadi London ni kama saa 8 na nusu au 9. Dar es Salaam hadi Doha au Dubai ni saa 5 na nusu hadi 6, na kutoka huko hadi New York ni saa 13 au 14 nyingine. Nairobi hadi New York moja kwa moja, njia ambayo Kenya Airways iliianza Oktoba 2018, ni kama saa 15 kwenda.

Saa hizo si zako zote. Chukua ile ya London. Tangu kukaa kitini hadi sahani za mlo wa kwanza ziondolewe, saa 2 zimekwenda. Ndege nyingi za Ulaya huondoka usiku, kwa hiyo utalala, hata kama ni usingizi wa mang'amung'amu, saa 3 au 4. Kifungua kinywa, foleni ya choo na kutua ni saa moja na nusu. Kinachobaki ni saa moja, labda 2 na nusu. Kwenye safari ya saa 15 hubaki 5 hadi 7, na hizo haziji kwa mkupuo. Huja vipande vya dakika 40, vipande vya saa moja.

Sasa pima kasi yako. Chukua kitabu chenyewe, weka saa ya simu dakika 15, soma kama kawaida, hesabu kurasa, zidisha kwa 4. Kisha toa theluthi, maana angani hakuna asomaye kama anavyosoma barazani kwake. Tuseme umesoma kurasa 8 kwa dakika 15: ni 32 kwa saa nyumbani, 21 hivi kwenye ndege. Saa 2 na nusu za njia ya London zitakupa kurasa 52 hivi. Riwaya moja ya kurasa 200 inakutosha kwenda, kurudi, na kusubiri ndege ya kuunganisha. Majedwali ya kasi ya kusoma yaliyozagaa mtandaoni usiyatumie kwa Kiswahili; yamepimwa kwa Kiingereza, na neno letu moja kama "hawatakuambia" limebeba sentensi nzima ya wenzetu. Maneno kwa dakika yatakuwa machache, na hilo halimaanishi kuwa unasoma polepole.

Hesabu hii ndiyo inayoua tabia ya kubeba vitabu vinne. Emirates na Qatar Airways huruhusu kilo 7 tu za begi la mkononi kwa daraja la kawaida. Riwaya ya kurasa 200 ya jalada laini ina uzito wa gramu 200 hadi 250. Ya kurasa 600 yenye jalada gumu hukaribia kilo nzima. Beba viwili: kimoja cha kukushika, kimoja chepesi cha akiba, na viwe vya aina tofauti. Ukibeba viwili vya aina moja, siku ambayo aina hiyo haikuingii umebaki mikono mitupu.

Kianze ungali nchi kavu

Hili ndilo lenye faida kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Kurasa 20 au 30 za mwanzo wa riwaya ndizo nzito: hapo mwandishi anakutambulisha watu, mahali, nani ndugu wa nani, nani anamdai nani. Mtu akifungua kitabu kipya baada tu ya kukaa kitini, kazi hiyo yote inaangukia wakati mbaya kuliko wote. Watu wanasukuma mabegi kabatini, matangazo yanakuja kwa lugha tatu, mhudumu anapita kuangalia mikanda. Unasoma ukurasa wa kwanza mara nne, jina la mhusika halikai, unafunga, unawasha filamu. Baadaye unasema kitabu kilikuwa kibaya. Hakikupata nafasi.

Kianze nyumbani siku 2 au 3 kabla ya kusafiri. Wiki mbili ni mbali mno, utakuwa umeshasahau. Soma hadi uwajue watu wake kwa majina bila kurudi nyuma, kisha jizuie. Usiishie mwisho wa sura, kwa sababu hapo mambo yametulia. Ishia katikati: barua imefika lakini haijafunguliwa, mlango umegongwa na hujui nani yuko nje. Weka alama, kitie begini, usikiguse tena hadi ndege ipae. Ukikifungua juu kwa juu unaendelea na jambo unalolijua, na kichwa kilichochoka huendelea vizuri kuliko kinavyoanza.

Kuanza mapema kuna faida ya pili. Kitabu kikishindwa kukushika kwa kurasa 30 ukiwa kwenye kochi lako, angani hakitakuwa bora. Bado una siku mbili za kutafuta kingine.

Kukijaribu dukani

Usitegemee maneno ya jalada la nyuma; mengine husimulia kisa hadi mwisho, na yote husifu. Soma kurasa tatu: wa kwanza, wa 40 au hapo karibu, na mmoja wa katikati. Ukurasa wa mwisho wa kitabu uache.

Ukurasa wa kwanza unataka uone mtu mwenye haja au mwenye shida. Maelezo ya machweo na upepo wa kusi yanaweza kuwa matamu sana, ila kama ukurasa umekwisha na bado hakuna anayetaka kitu, jua kitabu kinadai msomaji aliyepumzika. Ukurasa wa 40 utazame hata kabla ya kuusoma. Je, kuna mazungumzo, kuna nafasi nyeupe, au ni ukuta wa maneno bila aya mpya? Aya inayojaza ukurasa mzima ni mtego angani, kwa sababu kila ukikatizwa unapoteza mstari na inabidi urudi juu kabisa. Kwenye ukurasa wa katikati hesabu majina ya watu. Mawili matatu, sawa. Yakifika sita au saba, na huwezi kubahatisha nani ni nani, hicho ni kitabu cha likizo.

Kisha pima sura. Fungua orodha ya yaliyomo na utoe namba moja kwa nyingine. Sura za kurasa 8 hadi 15 zinaendana na vipande vya muda vya ndege. Sura moja inamalizika kati ya mlo na usingizi. Riwaya yenye sura 4 za kurasa 70 si mbaya, ila iwe na vituo vya katikati, nyota au mstari mtupu, pa kutulia.

Wembamba wa kitabu usikudanganye. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990, ni kijitabu cha kutia mfukoni, na ni miongoni mwa maandishi magumu kabisa ya Kiswahili: mambo hayafuatani kama tulivyozoea, na msomaji analazimika kusimama kila baada ya aya kujiuliza yuko wapi. Ni kazi kubwa, lakini si ya saa ya sita.

Aina gani inafaa

Watu husema "chukua ya upelelezi" wakadhani wamemaliza. Riwaya za upelelezi za Kiswahili ziko za namna mbili, na angani hazifanani hata kidogo.

Kuna zile za fumbo. Muhammed Said Abdulla alizianzisha kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, amesomwa na vizazi. Raha ya hadithi hizo ni dalili zilizofichwa: neno lililotamkwa sura ya pili linakuja kufungua mlango sura ya kumi. Zinataka kumbukumbu. Ukisoma vipande vipande huku unasinzia, dalili zinakupita, na ufumbuzi unapokuja unabaki kusema "aa, kumbe" bila kuona utamu wake. Hizi ni za safari ya mchana, au za yule ambaye halali kwenye ndege.

Namna ya pili ni za mikikimikiki: Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hapa swali haliko nyuma, liko mbele: atatokaje humu? Ukisahau jina la jambazi wa sura iliyopita huna hasara kubwa, jambazi mwingine yuko njiani. Sura fupi, kila moja inaishia pabaya. Kwa kichwa kilichochoka hakuna zinazoshinda hizi, na anayezidharau kwa kuwa si "fasihi" ajaribu kusoma fasihi saa 9 za usiku juu ya Sahara halafu tuzungumze.

Riwaya za maisha nazo zinashika, tena kwa muda mrefu zaidi, ila kwa masharti. Ziwe na mtu mmoja wa kumfuata tangu mwanzo na swali moja kubwa juu yake. Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi ya 1999 ni mfano mzuri: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, anaiacha ndoa hiyo, na unataka kujua Zanzibar ya wakati ule wa kupigania uhuru itamfanya nini. Siasa zipo tele, lakini zinaingia kupitia maisha yake, hivyo hutoi jasho kuzifuata. Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, inamfuata Kongowea Mswahili kutoka Tanga kuingia Kenya akimtafuta baba yake. Hadithi ya msafiri ina nafuu yake kwa msafiri: mahali pakibadilika unajua kisa kimesogea, hata kama umesinzia kidogo katikati. Wakenya wengi waliisoma shuleni wakiwa na mtihani mbele. Kuirudia bila mtihani ni jambo jingine.

Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, ningeiweka kati na kati. Yusuf, mvulana wa miaka 12 anayekabidhiwa kwa mfanyabiashara kwa deni la baba yake, anakushika mara moja. Mwendo wake lakini ni wa kutulia, na kishindo chake kiko katika yasiyosemwa. Ipe saa za mwanzo, ukiwa bado macho. Usiiweke kuwa ya akiba.

Hadithi fupi watu huzipendekeza kwa sababu ya ufupi wake. Tatizo ni kwamba kila hadithi inaanza upya: watu wapya, mahali papya, na tumeshaona kuanza ndiyo kazi nzito. Mkusanyo mmoja ni mzuri kuwa kitabu cha pili, wa kusoma hadithi moja kabla ya kutua. Tenzi ndefu zina nafuu ya mizani, ulimi unakusukuma mbele hata akili ikilegea. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 una beti 102 na unamalizika kwa kikao kimoja. Ila chukua chapa yenye ufafanuzi wa maneno chini ya ukurasa wenyewe. Lahaja ya Kiamu bila faharasa itamsimamisha hata mwenyeji wa Mombasa, na faharasa iliyo mwisho wa kitabu ni mateso kwenye kiti cha katikati.

Vya kuacha nyumbani: kitabu "unachopaswa" kusoma, cha kazi au cha mtihani. Kila mtu hukibeba na hakuna anayekifungua, na uzito wake unakusuta njia nzima. Acha pia vitabu vya ushauri wa maisha vyenye mazoezi ya kuandika kila baada ya kurasa tano. Mwoga wa ndege asibebe chochote chenye ajali ya ndege, na hili si la kuchekea. Soma muhtasari kabla. Na kwa kuwa baadhi ya safari ndefu za watu wetu walio ughaibuni ni za msibani, neno moja: anayekwenda kuzika asijaribu riwaya nzito ya huzuni kwa kudhani itamfariji. Kichwa hakiingii popote. Kinachofaa ni kitabu ulichokwisha kukisoma na kukipenda, au hadithi za kuchekesha za kurasa chache chache. Kurudia kitabu kinachojulikana hakudai lolote kwako.

Kitabu chenyewe mkononi

Vitabu vyetu vingi hupatikana kwa karatasi tu, kwa hiyo tazama karatasi hiyo. Kifungue katikati, bonyeza mshono kwa kidole gumba, sikiliza. Kikitoa mlio wa kukwatuka, gundi imekauka, na hewa kavu ya ndege itamalizia: utafika na kurasa 81 hadi 96 zimekaa peke yake kama barua. Kilichoshonwa kwa uzi hulala wazi juu ya kijimeza; kilichogandishwa gundi tu hujifunga ukikiachia, na utahitaji mkono mmoja kukishika wakati mwingine una kikombe.

Herufi zijaribu kwa mwanga hafifu. Nenda kona ya giza ya duka, shika kitabu sentimita 40 kutoka usoni. Ukijikuta unakisogeza, tafuta chapa nyingine. Baadhi ya matoleo ya zamani yana herufi ndogo zilizobanana na wino uliofifia, na hadithi ileile ipo katika toleo jipya lenye nafasi. Karatasi ya kung'aa ikimbie, taa ya juu ya kiti itakurudishia mng'aro machoni. Taa hiyo yenyewe hupiga kutoka juu, na mkono wako au kichwa cha jirani hutia kivuli. Kitaa kidogo cha kubana jaladani, cha betri, kinamaliza ugomvi huo na hakimwamshi mtu.

Sababu ya macho kuuma ni ukavu. Unyevu wa hewa ndani ya ndege mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, na ukisoma unapepesa macho mara chache kuliko kawaida. Mvaaji wa lenzi avue, avae miwani. Matone ya kulainisha macho ya mililita 10 yanapita ukaguzi bila neno. Miwani iwe kwenye mfuko wa nguo, si kabatini juu, kwa kuwa utaitaka wakati hasa jirani wa pembeni amelala fofofo.

Ukisomea kwenye kifaa

Kisomeo cha wino wa kielektroniki kama Kindle kina uzito wa gramu 200 hivi, chaji yake hukaa wiki, na herufi unazikuza utakavyo. Kwa macho ya zaidi ya miaka 45 hiyo pekee ni hoja ya kutosha. Simu inafaa kwa dharura. Mwanga wake unachosha macho na ujumbe wa zamani unakuvuta.

Kinachoharibika huharibika hivi. Mtu ananunua kitabu, anaona jalada kwenye maktaba ya simu, anadhani kipo. Kilichopo ni picha ya jalada. Kitabu chenyewe hakijapakuliwa. Usiku wa kuamkia safari zima intaneti yote, weka simu kwenye hali ya ndege, kisha fungua kila kitabu kimoja kimoja na upeleke kurasa hadi katikati. Kisichofunguka hapo hakitafunguka juu ya Bahari ya Shamu. Faili za PDF, hasa zile za kupiga picha ukurasa kwa ukurasa, ziepuke kwenye simu: herufi hazijipangi upya, utakuwa ukisukuma ukurasa kushoto na kulia kila mstari. Faili za EPUB hujipanga kulingana na skrini.

Pawabenki iwe ndani ya begi la mkononi, kamwe isiende kwenye mzigo. Kipimo kinachoangaliwa ni saa-wati, na mpaka wa kawaida ni 100. Zidisha mAh iliyoandikwa kwa 3.7, gawanya kwa 1,000: ya 20,000 ni 74, inapita; ya 30,000 ni 111, inahitaji ruhusa ya shirika. Maandishi yakiwa yamefutika, mkaguzi ana haki ya kuichukua. Emirates tangu 1 Oktoba 2025 inaruhusu kubeba moja lakini inakataza kuitumia ndani ya ndege, kwa hiyo chaji kila kitu kabla ya kupanda.

Vitabu vya kusikiliza ni mkombozi wa anayepata kichefuchefu akisoma wakati ndege inarushwarushwa. Vichagulie hedifoni zinazoziba sikio, mngurumo wa injini humeza sauti ya msimulizi na ukiongeza sauti masikio yatakulaumu. Weka kizimio cha dakika 20 au 30. Bila hicho utalala sura ya tatu uamke ya kumi na moja, na kutafuta ulipoishia gizani ni kazi ya adhabu.

Watoto

Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anamaliza kitabu cha picha kwa dakika 10, kwa hiyo hesabu ni tofauti: kimoja kipya kwa kila saa 2, na asivione kabla. Mradi wa African Storybook unatoa hadithi za watoto za Kiswahili bure za kupakua. Weka 15 kwenye kishikwambi na ujaribu kama tulivyosema hapo juu. Vitabu vyenye sauti au vitufe vya muziki viache, safu nzima itakushukuru. Ukimsomea, kaa sikio kwa sikio, usipaze sauti kushindana na injini.

Ukishapanda

Usifungue kitabu mpaka taa ya mkanda izimwe na mlo wa kwanza uondolewe. Muda wa kabla ya hapo ni wa gazeti au wa kutazama watu. Ukisoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuelewa, funga. Kunywa maji, tembea hadi nyuma ya ndege, rudi. Ikishindikana tena lala au chukua kile cha akiba. Kulazimisha ndiko kunakomfanya mtu akichukie kitabu kisicho na kosa.

Kadi ya kupandia ndege si alama nzuri ya ukurasa. Kwenye kuunganisha utaombwa kuionyesha, utaichomoa, ukurasa umepotea. Tena ina msimbo wenye taarifa za safari yako, na siku ukimwazima mtu kitabu unamwazima na taarifa hizo. Chana kipande cha karatasi. Ukipenda kuandika pembeni tumia penseli, kwa sababu kalamu ya wino wa kujaza huvuja shinikizo la hewa likishuka.

Mfuko wa kiti cha mbele ndiko vitabu vinakofia. Ndege ikianza kushuka, kabla hujakunja kijimeza, kitoe kitabu na kukiweka begini, hata kama bado unakisoma. Kama kurasa zimebaki 20 usizikimbize. Kuna foleni ya uhamiaji mbele, na katika viwanja vingi, vya Marekani hasa, mabango yanakataza kutumia simu eneo la ukaguzi. Kitabu cha karatasi hakuna anayekikataza.